Pengwini kala tuzo, sangara katoka kapa!

Wiki hii tunaacha kidogo habari za nani kamwacha nani, tunaingia kwenye sinema. Msikunje sura lakini, mapenzi yamo, tena mapenzi ya kwenye barafu.

Kuna ubishi unarudi kijiweni kwetu kila msimu wa tuzo za Oscar unapokaribia. Ubishi wenyewe ni huu: dokumentari iliyopendwa na umma, iliyojaza majumba ya sinema na kuingiza mapato ya mlangoni kama mechi ya Simba na Yanga, inastahili kweli kupewa tuzo kubwa? Au tuzo waachiwe wale wa filamu nzito, zinazotazamwa na watu kumi na wawili, sita kati yao wakiwa wamesinzia?

Mshikaji wangu mmoja, jina namhifadhia maana bado namdai, msimamo wake ni mkali kama pilipili kichaa. Kwake yeye dokumentari ikishapendwa na watoto na mabibi, hiyo sio dokumentari tena, ni burudani. Upande wa pili yupo dada anayekaanga chipsi pale jirani, ambaye hutusikiliza huku anageuza mayai. Siku moja alichoka, akaweka mwiko chini: "Kaka zangu, mtu katoa hela yake mfukoni kwenda kuangalia ukweli badala ya kuangalia ngumi, halafu mnamwambia kakosea? Mnataka nini nyie?"

Sasa kesi kama hii haiamuliwi kwa kelele. Inataka faili lenye ushahidi, na faili zuri kuliko yote ninayoyajua ni la tarehe 5 Machi 2006, Hollywood, usiku ule Jon Stewart alipokuwa mshereheshaji. Nasema ni zuri kwa sababu na sisi Watanzania tulikuwemo, ingawa wengi hatukuwa na habari.

Zilizoingia fainali ya dokumentari ndefu zilikuwa tano. Moja ilieleza jinsi kampuni ya Enron ilivyozuga dunia nzima kwa mahesabu ya uongo. Nyingine, Murderball, ilihusu majamaa wa raga ya viti vya magurudumu, watu wa shari kwelikweli. Ya tatu, Street Fight, ilifuatilia uchaguzi wa umeya wa mji wa Newark mwaka 2002. Ya nne ilikuwa ile ya pengwini, March of the Penguins, ya Mfaransa Luc Jacquet. Ya tano ni ya kwetu, au tuseme ilipigwa kwetu: Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, raia wa Austria, aliyeweka kamera yake Mwanza, kwenye sangara.

Yaani mnyama wa barafuni dhidi ya samaki wa Ziwa Victoria. Pengwini akashinda. Wenyewe wakapanda jukwaani wamekumbatia pengwini wa kitambaa, ukumbi mzima ukacheka.

Tumtendee haki pengwini kwanza. Filamu ile sio mchezo. Jamaa walikaa Antaktika zaidi ya mwaka, kwenye baridi inayopita nyuzi 40 chini ya sifuri, wakifuatilia ndege wasioweza kuruka. Pengwini dume anakaa na yai juu ya miguu yake miezi miwili hivi, amelifunika kwa ngozi ya tumbo, hali kitu, huku mama yuko baharini anatafuta riziki. Ukijumlisha na siku za safari na za uchumba, baba huyo anafunga karibu miezi minne. Akinadada waliniambia hapo ndipo walipolia, na wengine waliwapiga waume zao kiwiko pale pale kwenye kochi.

Umma uliipokea. Marekani peke yake iliingiza kama dola milioni 77. Ili ujue hizo ni hela za namna gani: Crash, filamu ya kuigiza iliyochukua Oscar ya filamu bora usiku ule ule, na mastaa wake wote, haikufikisha hata milioni 60 huko huko Marekani. Ndege wameshinda mastaa! Ya sangara je? Marekani haikufikia hata dola milioni 1. Ufaransa ndiko ilikotikisa, mpaka watu wakaanza kususia minofu ya sangara madukani.

Hapo mshikaji wangu anaruka juu: "Unaona? Hela imeshinda!"

Taratibu, kaka. Miaka ile utaratibu ulikuwa kwamba mjumbe haruhusiwi kupiga kura ya mwisho kwenye dokumentari mpaka awe ameziona zote tano ukumbini. Kwa hiyo waliompa pengwini tuzo walimwona na sangara. Waliona watoto wa mitaani wa Mwanza wakigombania wali. Waliona yale mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki kiwandani baada ya minofu kupanda ndege kwenda Ulaya, yakianikwa kwenye vichanja. Halafu wakachagua pengwini. Unaweza kuwalaumu kwa moyo wao, lakini huwezi kusema hawakuona.

Ninalo langu la kusema juu ya pengwini, hata hivyo. Toleo la Kifaransa lilikuwa na sauti za waigizaji wanaosema kama vile ni baba pengwini, mama pengwini na mtoto. Wamarekani wakaona hiyo ni soo. Wakafuta sauti zile, wakabadili na muziki, wakamweka mzee Morgan Freeman asimulie. Picha ni zile zile, ndege ni wale wale, filamu imegeuka. Waliokulia kwenye mabanda ya video wananielewa haraka, maana wanamkumbuka Lufufu. Picha ya Kichina, midomo inacheza hivi, Lufufu anasema vile, na wewe uliyelipa kiingilio unaondoka na stori ya Lufufu. Morgan Freeman ni Lufufu wa pengwini.

Stori aliyopewa kusimulia ni ya mapenzi. Kuna Wamarekani wa mrengo wa kihafidhina walioisifu wakisema hao ndio mfano wa ndoa imara, mume mmoja mke mmoja. Bwana we! Pengwini wale msimu ukiisha, wengi wao mwaka unaofuata wana mwenzi mwingine kabisa. Filamu inaligusa hilo kwa sentensi moja ya haraka na kupita zake, kama mtu anayetaja deni msibani. Watu wakatoka ukumbini na ndoa imara waliyoingia nayo wenyewe. Na pengwini hawakulalamika, maana pengwini hawana mbunge.

Sangara wana mbunge. Hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu, na ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kwa wale ambao hawakuiona, ile filamu ya Sauper inaanzia kwenye samaki mgeni. Sangara hakuzaliwa Ziwa Victoria. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na kuendelea, akawala furu, wale wadogo wadogo wa asili, hadi aina nyingi zikapotea. Badala yake pakaja viwanda vya minofu, ajira, na hela za kigeni. Kamera inazunguka uwanja wa ndege wa Mwanza, inawafuata marubani wa madege makubwa ya mizigo ya Kirusi, inaingia walikolala, inakaa na wasichana wanaowasindikiza. Na Sauper anauliza swali moja kila anapokaa: hizi ndege zinakuja na nini? Mwishoni rubani mmoja anakiri kwa huzuni kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola na kurudi Ulaya amebeba zabibu.

Mwaka 2006 huo huo, baada ya Oscar kupita, Rais Kikwete aliilaumu filamu hiyo hadharani, kwamba imeichafua nchi. Mwanza watu wakaandamana. Ufaransa nako mwanahistoria mmoja aliishambulia kwa maandishi, kesi ikafika mahakamani kwa madai ya kumkashifu Sauper, na Sauper akashinda. Kwa dokumentari moja ya samaki, hilo si jambo dogo.

Walioilaumu hawakuwa vichaa wote. Silaha ndani ya ndege za Mwanza hazionyeshwi hata mara moja. Kinachoonyeshwa ni ndege tupu, halafu swali, halafu sura ya mtu anayekwepa kujibu, na wewe mtazamaji unajaza mwenyewe. Hiyo ni mbinu, na ina ujanja ndani yake. Tena Mwanza nzima inaonekana kama mji usio na mtu anayecheka, wakati kila aliyewahi kushuka pale anajua kwamba Wasukuma na utani ni pete na kidole. Mkaanga chipsi wetu, ambaye kwao ni Magu, aliiona kwa mjomba wake akanuna siku mbili. "Na harusi hazikumtokea huyo mzungu hata moja?" aliniuliza.

Lakini mapanki yalikuwepo. Watoto wanaovuta gundi walikuwepo. Wale wasichana walikuwepo, na mmoja wao aliuawa kabla filamu haijaisha kupigwa. Hayo hayakujazwa na mtazamaji, yako kwenye picha. Na kuyapata ilibidi mtu akae na watu ambao hakuna aliyekuwa akikaa nao, usiku, miezi na miezi, bila kujua kama kuna atakayenunua.

Kwa hiyo mkinipa mimi karatasi ya kura ya 2006, naandika sangara. Wala siandiki kwa uzalendo, maana kizalendo ilitakiwa niichukie! Naandika kwa sababu pengwini ilinionyesha kitu cha ajabu na kuniambia nikipende, na ile nyingine ilinionyesha kitu nilichokuwa napita karibu nacho kila siku. Mama ntilie wa Mwanza analijua panki. Aliyekula minofu Paris hakulijua, na aliyekula minofu kwenye hoteli ya hapa hapa mjini alijifanya halijui.

Ila sasa, mshikaji wangu asianze kushangilia. Nimempa sangara kura, sijampa hoja yake. Sangara sikumpa kwa sababu hakupendwa. Tuzo sio rambirambi. Ukianza kugawa tuzo kwa kuwahurumia waliokosa watazamaji, kesho utampa mtu aliyekosa watazamaji kwa sababu filamu yake ni mbovu, nao wapo kibao.

Na kama ni historia, basi kwa muda mrefu aliyeonewa kwenye Oscar za dokumentari alikuwa ni yule yule aliyependwa. Hili vijana wa leo hawalijui. Mwaka 1988 Errol Morris alitoa The Thin Blue Line, kuhusu Randall Dale Adams, mtu aliyehukumiwa kifo Texas kwa kumuua polisi, kosa ambalo hakulifanya. Filamu ikasaidia kuifumua kesi, na mwaka 1989 jamaa akatoka jela baada ya miaka 12 hivi. Filamu imemtoa mtu jela! Oscar? Haikuingia hata kwenye tano bora, wakubwa wakasema ina maigizo ndani yake. Mwaka uliofuata Michael Moore akaja na Roger & Me, ya mji wa Flint ulivyokufa General Motors ilipofunga viwanda. Watu walicheka na kulia kwa pamoja. Nayo ikawekwa kando.

Kilichopasua jipu ni Hoop Dreams ya 1994. Vijana wawili weusi wa Chicago wanaotaka kuwa nyota wa kikapu, kamera imewafuata kama miaka mitano, mikanda ya saa 250 ikakatwa mpaka kubaki dakika 171. Wakosoaji Siskel na Ebert waliipigia debe kila walipofungua mdomo, na kwa dokumentari ya wakati ule ilifanya vizuri sana mlangoni. Ikanyimwa hata nafasi ya kugombea tuzo ya dokumentari, ikaambulia kutajwa kwenye uhariri tu. Ndipo siri zikaanza kutoka: kamati ya wazee waliokuwa wakiangalia dokumentari walikuwa na tochi gizani, aliyechoka anawasha, tochi zikiwa nyingi filamu inazimwa. Hoop Dreams inasemekana ilizimwa hata nusu saa haijafika. Hebu fikiria, miaka mitano ya maisha ya watu, halafu mzee mmoja kaminya tochi kwa sababu ana njaa.

Kelele zilipigwa mpaka kanuni zikaanza kubadilishwa. Badiliko kubwa likaja kwenye filamu za mwaka 2012, wanachama wote wakaruhusiwa kupiga kura ya mwisho bila kulazimika kukaa ukumbini. Kilichofuata? Kwenye sherehe ya 2013 akachukua Searching for Sugar Man, ya mwanamuziki aliyesahaulika kwao akawa mfalme Afrika Kusini. Ya 2014 akachukua 20 Feet from Stardom, ya waitikiaji wa nyuma ya mastaa. Muziki mtupu, tamu kama embe la Muheza. Hiyo ya pili iliishinda The Act of Killing, ambamo wauaji wa Indonesia wa 1965 wanaigiza mauaji yao wenyewe huku wakijisifu. Mimi nimeziona zote mbili. Ya waitikiaji nimeirudia mara tatu, ya wauaji sitairudia maishani, na bado nakwambia wauaji ndiyo iliyostahili. Utamu wa kurudia na ukubwa wa kazi sio kitu kimoja, kama vile wimbo unaoupigia pasi sio lazima uwe ndio wimbo bora.

Lakini wanaosema umma ukipewa kura unachagua sukari tu, wajibu hili: 2023 ilishinda Navalny, 2024 ikashinda 20 Days in Mariupol, mwandishi wa habari yuko ndani ya mji unaopigwa mabomu, na 2025 ikashinda No Other Land, iliyofika jukwaani bila kuwa na msambazaji hata mmoja Marekani. Pengwini wako wapi hapo?

Ile ya 2024 ndiyo iliyoniuma. Kwenye tano bora alikuwemo jirani yetu: Bobi Wine: The People's President, ya Moses Bwayo na Christopher Sharp. Hapa ndipo ubishi wetu wa kijiweni unavurugika kabisa, maana hiyo ni filamu ya staa, ina muziki, ina mapenzi ya mume na mke, umati wa watu umejaa barabarani, kila kitu cha kupendwa. Na aliyeishika kamera alikamatwa, akaumizwa, mwisho akalazimika kukimbilia Marekani. Sasa hiyo uiweke fungu gani, ya kupendwa au ya ukweli? Ilitoka kapa, na aliyeishinda sina neno naye.

Kitu kimoja Wazungu wa Ulaya wamewapita Wamarekani. Cannes mwaka 2004 waamuzi, mwenyekiti wao Quentin Tarantino, waliipa Fahrenheit 9/11 ya Michael Moore tuzo kubwa kuliko zote, ikizishinda filamu za kuigiza. Ikaenda Marekani ikaingiza dola milioni 119. Berlin mwaka 2024 dubu wa dhahabu alikwenda kwa Dahomey ya Mati Diop, ya sanamu zilizoibwa na Wafaransa zikirudishwa Benin. Oscar mpaka leo haijawahi hata kuiteua dokumentari kwenye filamu bora ya mwaka. Zimetengewa kibanda chao cha uani, huko huko zigombane, pengwini na sangara. Kama pengwini angepelekwa sebuleni akapambane na Crash, ubishi wote huu usingekuwepo, na kwa maoni yangu angeipiga.

Nimepokea maswali ya wanaotaka kujua waanzie wapi. Anzeni na When We Were Kings, ya pambano la Ali na Foreman Kinshasa mwaka 1974. Leon Gast alihangaika nayo zaidi ya miaka 20 mpaka ikatoka, ikachukua Oscar 1997, na mabondia wenyewe wakapanda jukwaani, Foreman akimshika Ali mkono kwenye ngazi. Ukimaliza hiyo nenda Hoop Dreams, lakini jiandae na mto wa kuegemea, ni karibu saa tatu. Ya sangara muiangalie mkiwa wawili au watatu ili muwe na wa kubishana naye. Na yule mshikaji wangu akitaka kuazima ya pengwini kwa siri, kama alivyowahi kufanya, aje na hela yangu kwanza.